Shajara ya Hilux ya safari za mbali: kutoka fremu tupu mpaka majaribio ya kwanza

Gari na lengo lake

Haya wakuu, kazi imeanza rasmi na nimeamua kuiandika hatua kwa hatua, kwanza niwe na kumbukumbu yangu, pili yeyote anayewaza kujenga pikapu ndogo ya kwenda mbali apate pa kuanzia. Gari ni Toyota Hilux kizazi cha tano, chesisi LN106, dabo kebini, ya mwaka 1993. Injini ni 3L ya dizeli, cc 2,779, haina turbo, haina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya mitambo mitupu. Mbele ina ekseli nzima ya chuma na springi za mabapa, nyuma hivyo hivyo. Ndo sababu hasa nimeichagua hii, maana karibu kila kitu kilichomo unaweza kukifungua kwa spana na ukakirudisha huku umekaa chini kwenye vumbi.

Lengo ni watu wawili kuzunguka wiki nyingi kwenye mawe, mchanga na barabara za vumbi mbali na gereji, halafu kurudi na gari hiyo hiyo ikiwa nzima. Simaanishi gari ya mashindano, wala ya kwenda kupanda majabali wikiendi na kurudi nyumbani juu ya lori.

Watu wananiuliza kwa nini nisichukue gari kubwa zaidi. Pikapu ndogo ni nyepesi, mchangani inazama kidogo, inapita njia nyembamba, inakula dizeli kidogo, na tairi zake mtu mmoja ananyanyua peke yake. Ila ina sharti moja na halina mjadala: ukiijaza vitu kama lori inakufa. Fremu, beringi za magurudumu, breki, springi, vyote vilipigiwa hesabu ya uzito fulani. Kwa hiyo mradi huu wote unaongozwa na namba moja, kilo 2,350. Huo ndo uzito wa gari ikiwa na watu, maji, mafuta na kila kitu. Kibandiko cha gari kinaruhusu karibu kilo 2,700 lakini hiyo mi naichukulia kama uzito wa barabara ya kawaida. Ukiingia kwenye shimo na spidi, nguvu inayopita kwenye fremu sekunde ile ni kubwa kuliko uzito wenyewe mara kadhaa, na ile nafasi ya kilo 350 niliyoiacha ndo inalipia hayo mashimo.

Fremu

Bodi la nyuma limetoka, kebini imenyanyuliwa, tanki la mafuta liko pembeni. Fremu nimeiosha kwa maji ya presha, nikapitisha brashi ya waya, kisha nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu, hakihitaji kipimo kingine. Kazi inachosha lakini usiiruke, kwa sababu kila kitu utakachofunga baadaye kinaning'inia hapa.

Sehemu nilizozikagua kwa tochi na kioo kidogo ni tatu. Kwanza nyuma ya kebini pale fremu inapoanza kupanda ili ipite juu ya ekseli. Pili hanga zote za springi, yani vishikio vinavyoishika springi kwenye fremu. Tatu pale boksi la usukani lilipofungwa. Gari hizi boksi la usukani limefungwa ubavuni mwa fremu na mkono wake unasukuma na kuvuta kwenda mbele na nyuma, sasa ukiweka tairi kubwa na kulazimisha usukani katikati ya mawe, pale kwenye matundu ya bolti ndo ufa unapoanzia. Yangu iko safi. Hata hivyo nimeongeza sahani ya chuma ya milimita 4, na ncha zake nimezikata kwa mshazari badala ya kuzikata wima. Usichomelee mstari wima unaokata fremu juu mpaka chini, mstari huo unakuwa mpaka kati ya sehemu ngumu na sehemu laini, na chuma kitakuja kukatika palepale pembeni ya weldingi. Fundi wa kuchomelea alitaka amalize haraka, nikamwambia "fundi wangu, hapa twende taratibu, tuchomee vipande vifupi vifupi tuache kipoe," na amefanya kazi nzuri sana.

Sasa niongelee jambo ambalo naona linaua pikapu nyingi za safari, fremu kupinda nyuma ya kebini. Gari yangu kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni karibu mita 2.85. Ukiweka mzigo wa kilo 100 mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, mfano tairi la akiba na madumu yaliyofungwa kwenye bampa, ekseli ya nyuma haibebi kilo 100, inabeba kilo 142. Zile 42 zimetoka mbele, yani umeinyanyua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza mshiko. Na fremu hapo katikati inakunjwa kila ukipita tuta.

Halafu mtu anaona gari imekaa chini nyuma, anaweka mifuko ya upepo kati ya ekseli na fremu. Gari inanyooka kweli, inapendeza kwa macho. Ila springi za mabapa zinapeleka mzigo kwenye fremu kwa pointi mbili, hanga ya mbele na hanga ya nyuma, ambazo zimeachana zaidi ya mita. Mfuko wa upepo unasukuma pointi moja tu juu ya ekseli, na mkia wote unabaki unaning'inia nyuma yake. Mimi siweki mifuko ya upepo, dawa ya gari iliyolala nyuma ni springi sahihi, na kabla ya springi ni kupunguza mzigo na kuusogeza mbele.

Fremu imepigwa praima, rangi, na ndani nimepuliza nta ya kuzuia kutu kupitia yale matundu ya kiwandani, mpaka ikaanza kutiririka chini.

Hesabu ya kilo

Kabla ya kuagiza chochote nilipeleka gari mizanini ikiwa nzima na tanki karibu tupu, ikasoma kilo 1,640. Nikachukua daftari nikaandika kila kitu ninachokitaka na uzito wake, sio kukisia, kile ninachoweza kukinyanyua nimekipima. Watu wawili 150. Dizeli lita 65 za tanki ni kama kilo 55, maana lita moja ya dizeli ni kama kilo 0.84. Lita 40 za akiba kwenye madumu, 34. Maji lita 60, kilo 60, hapo hakuna ujanja. Boksi la alumini la nyuma 90. Bampa ya chuma ya mbele na winchi ya umeme 85. Friji na chakula 55. Betri ya pili 12. Vifaa na spea 70. Hema la juu ya paa 60. Vifaa vya kujinasua 30. Tairi la akiba la pili na ringi yake 38. Vyombo, nguo na vikorokoro vingine 50.

Jumla 789. Ukijumlisha na gari inakuja 2,429. Bado iko ndani ya kibandiko lakini imevuka namba yangu, na wote tunajua vitu huwa vinaongezeka njiani, havipungui.

Nikaanza kukata. Hema la juu ya paa limetoka kabisa, sio kwa ajili ya kilo 60 tu bali pia mahali kilo hizo zinapokaa, juu ya paa kwenye njia ya mteremko wa pembeni utaisikia gari inataka kulala. Tutalala ndani ya boksi la nyuma kwenye godoro. Bampa ya chuma na winchi ya umeme navyo vimetoka, nimeweka winchi ya mkono, ile ya mtarimbo na waya. Pamoja na waya wake ni kama kilo 30, inavuta taratibu mno na inatoa jasho, lakini inavuta mbele, inavuta nyuma, inavuta pembeni, na haihitaji betri wala injini iwe inawaka. Gari ikizama pua chini kwenye tope mara nyingi unataka kurudi ulikotoka, na hapo winchi iliyofungwa kwenye bampa ya mbele inakuangalia tu. Tairi la pili la akiba nalibeba bila ringi, nusu ya uzito imepotea hapo, na nimebeba vyuma vya kubandulia tairi.

Baada ya hapo hesabu ikashuka chini ya 2,350. Daftari limebandikwa ukutani gereji na sheria ni kwamba chochote kipya kikiingia kinaandikwa.

Ekseli ya mbele

Hii ndo sehemu niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote na nimeifurahia kupita kiasi. Ekseli ya mbele ya LN106 ina yale matufe ya chuma kila upande, ndani ya tufe kuna sivi jointi, kiungio kinachopeleka nguvu gurudumuni hata likiwa limekata kona, inayozunguka kwenye grisi, na juu na chini kuna beringi ndogo mbili ambazo gurudumu zima linageukia hapo.

Dalili ya kwanza kwamba kuna kazi ni matufe kulowa. Ukiona mchanganyiko mweusi mwepesi unatiririka kwenye tufe na kudondokea ringi, ujue sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, imepita ikaingia kwenye grisi ya sivi, ikaiyeyusha, na sasa sivi inazunguka kwenye supu isiyolainisha vizuri huku difu nayo inapungukiwa oili. Yangu pande zote mbili zilikuwa hivyo.

Utaratibu nilioufuata: gurudumu, kalipa ya breki, habu ya kufunga na kufungua foo wili, nati mbili kubwa za beringi, habu nzima, halafu ile shafti fupi inayobeba beringi, kisha unavuta ekseli na sivi yake. Baada ya hapo unafungua kofia za juu na chini za beringi za kugeukia. Hapo kuna vishimu vyembamba sana, yani vipande vya chuma vya kurekebisha nafasi, na vya juu visichanganyike na vya chini wala vya kushoto visichanganyike na vya kulia, kwa sababu hivyo ndo vinavyoweka gurudumu katikati ya tufe. Mi naweka kila pande kwenye mfuko wake na kuandika kwa kalamu ya wino mzito.

Sivi nimezifumua mpaka golori moja moja, nikaziosha kwa dizeli nikazifuta. Unaangalia njia za golori, kama kuna mashimo madogo au alama ya kuchanika basi hiyo haiendi safari ya mbali. Zangu zina mng'ao wa kuchakaa upande mmoja tu, ule unaobeba nguvu ukienda mbele, kwa hiyo nimehamisha ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, sasa nguvu ya kwenda mbele inabebwa na uso ambao haujachoka. Mafundi wa zamani wanalijua hili na linafanya kazi. Grisi ni ile nyeusi yenye molibdeni, na imesukumwa kwa mkono mpaka katikati ya sivi, kuipaka juu juu hakutoshi.

Beringi za kugeukia zote mpya, za zamani zilikuwa zimechimba vidimbwi kwenye vikombe, na vidimbwi hivyo ndo vinafanya usukani ung'ang'anie katikati halafu ghafla uruke. Sili zote mpya, pamoja na ile ya manyoya inayofuta tufe isiingize vumbi, watu wengi wanaipuuza lakini ndo mlinzi wa mlango. Mwisho unapima ugumu wa kugeuka kwa mzani wa springi kwenye mkono wa tairodi, kabla hujafunga ekseli ndani, unalinganisha na kitabu. Pande zote zimekaa sawa.

Hapo hapo nimepandisha mipumuo ya difu. Difu ikiwa ya moto ukaingia nayo kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa ghafla na kuvuta, na kama ule mpumuo mdogo uko chini ya maji au umeziba, difu itanyonya maji kupitia sili. Mipira imepanda mpaka juu kwenye boneti, mbele na nyuma, pamoja na giaboksi na kasha la foo wili. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na difu iliyojaa maziwa, yani oili iliyochanganyika na maji.

Injini, maji na hewa

Injini ya 3L inatoa takriban nguvu farasi 90, sio nyingi, na kila mtu anaifikiria turbo. Siiweki. Nguvu zaidi kwenye injini hii ni joto zaidi kwenye silinda hedi, na joto ndo adui yake namba moja. Nataka injini itembee siku nzima gia ya tatu mchangani bila kulalamika.

Taimingi belti mpya pamoja na beringi yake ya kukazia, kwa sababu ikikatika valvu zinakutana na pistoni na safari imeisha palepale. Pampu ya maji mpya, themostati mpya, mipira yote ya maji mipya, ile ya zamani iliyo hai imeingia kwenye boksi la spea. Rejeta imeoshwa ndani na mapezi yaliyolala yamenyooshwa moja moja. Klachi ya feni imejazwa silikoni upya, injini ikiwa ya moto na imezimwa ukiizungusha feni kwa mkono inakataa, ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu geji ya joto, ile ya dashibodi sensa yake imekaa ndani ya maji. Mpira ukipasuka maji yote yakamwagika sensa inabaki hewani, na mshale unaweza usikuambie chochote huku hedi inaungua. Kwa hiyo nimefunga sensa ya pili kwenye chuma chenyewe cha hedi, na king'ora ndani ya kebini. Kwa injini ya zamani ya dizeli sijui kama kuna kitu kidogo chenye faida kubwa kuliko hiki.

Upande wa dizeli nimeongeza filta ya kwanza yenye kikombe cha kutenganisha maji kabla ya filta ya kiwandani. Pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, hivyo dizeli chafu au yenye maji inakula pampu na nozeli kwa pamoja, na huko mbali utaweka mafuta kutoka kwenye pipa usilojua limekaa wapi.

Snokeli, lile bomba linaloipa injini hewa kutoka juu, imefungwa, na kila maungio yamebanwa kwa gundi ya mpira na klampu. Kipimo chake ni rahisi, injini ikiwa inaunguruma taratibu ziba mdomo wa snokeli na ubao bapa. Injini ikizima, njia ya hewa iko safi. Ikiendelea kuunguruma, kuna sehemu inavuta hewa, na siku ya kuvuka mto itavuta maji hapo hapo. Yangu inazima.

Springi, shokapu na tairi

Nyuma nimeweka springi zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu wa kilo 300, maana hii gari haitakuwa tupu kamwe. Springi za mzigo mkubwa zaidi zingekuwa ngumu mno, gari inarukaruka na mzigo wote wa kuruka unaishia kwenye fremu na kwenye vifaa. Gari imepanda sentimita 5 tu na imetosha. Bushi ni za mpira wa kawaida, ngumu za plastiki zinapiga kelele na vumbi linazila.

Shokapu ndo zinaumia kuliko chochote kwenye zile barabara za vumbi zilizojikunja kama bati. Kila mkunjo ni mpigo, mpigo unageuka joto, oili ndani inatoa povu na shokapu inakuwa pampu ya upepo. Nimechukua zenye mwili mnene na oili nyingi. Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kushusha upepo wa tairi na kupunguza mwendo, hakuna shokapu itakayovumilia dereva asiyefanya hivyo.

Kwenye tairi nilifikiri sana. Zilizokuwepo ni 225/75R16, kipenyo kama milimita 744. Wengi wanakimbilia 235/85R16, kipenyo 806, inanyanyua difu milimita 31 na inapendeza, ila gia zote zinarefuka kwa asilimia 8, na kwa injini ya farasi 90 iliyobeba tani mbili na zaidi, hiyo ni karibu kama kuipokonya gia nzima mlimani. Nimechagua 215/85R16, kipenyo 772. Difu inapata milimita 14 zaidi, gia zinarefuka chini ya asilimia 4, tairi ni nyembamba na nyepesi, kila moja inabeba zaidi ya kilo 1,200, na ringi zangu za chuma zinaifaa. Ringi ya chuma ikipinda unaigonga nyundo inarudi, ya alumini ikipasuka ndo basi. Kwa upepo naanzia psi 35 lami, 26 kwenye vumbi na mawe, 18 mchangani, na 14 nikiwa nimekwama kweli, hapo natembea taratibu bila kukata kona kali tairi isije ikachomoka kwenye ringi.

Umeme

Friji ya lita 45 kwenye joto kali inakula kama Ah (ampea-saa) 40 kwa siku. Betri ya kawaida ya Ah 100 inakupa nusu tu kama unataka idumu, yani siku moja na kidogo, na ina karibu kilo 30. Ya lithiamu ya chuma fosfeti inakupa 80 bila shida na ina kilo 12. Hapo mizani ndo iliyoamua. Ila haipendi joto la boneti, kwa hiyo imekaa ndani nyuma ya siti, na haitakiwi kuchajiwa kukiwa na baridi chini ya sifuri, chaja niliyofunga ina sensa ya kuizuia.

Chaja inatoa ampea 25 na inavuta kama 30 kutoka kwenye betri ya mbele. Waya ni mita 5 kwenda na 5 kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 6 ungepoteza karibu volti 0.9 njiani, kwa waya wa 16 unapoteza 0.33. Nimetumia wa 16, ndani ya mpira wa kinga, na fyuzi mwanzo na mwisho, karibu kabisa na kila betri. Waya mnene usio na fyuzi unaopita kwenye fremu inayotikisika ni moto unaosubiri siku. Juu ya boksi kuna sola ya wati 120, jua likiwa zuri inarudisha Ah 30 na kitu, hivyo tukikaa sehemu moja friji haitusumbui.

Boksi la nyuma, maji na mafuta

Bodi la chuma la kiwandani limebaki, boksi la alumini limekaa juu yake kwenye raba. Fremu ya pikapu inajikunja njiani, lazima ijikunje, na ukifunga boksi gumu moja kwa moja kwenye fremu kwa bolti pande zote nne kitu kimoja kitapasuka.

Tanki la maji limelala sakafuni kabisa, limeegemea ukuta wa kebini, mbele ya ekseli. Madumu mawili ya dizeli yako hapo hapo pembeni, ya chuma ya lita 20. Vifaa vizito vinafuata, vyepesi vinaenda nyuma. Droo za mbao nimezikataa, reli zake tu zina uzito wa kushangaza, natumia masanduku ya plastiki yaliyofungwa kwa mikanda.

Majaribio na breki

Gari imetoka na mzigo kamili, pale ambapo kitu bado hakijanunuliwa nimeweka mfuko wa mchanga wa uzito uleule. Mzani umesoma 2,338. Kila bolti muhimu nimeichora mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, ukikuta mstari umekatika ujue imelegea, huhitaji kushika spana kujua.

Vumbi, mawe na mikunjo mingi, mwendo wa 60 hadi 70, imekula lita 11.8 kwa kilomita 100. Nikihesabu 12, lita 105 nilizonazo zinanifikisha kilomita 875, na mchangani nikihesabu 18 zinashuka mpaka 583, kwa hiyo mipango yote ya njia napigia hesabu ya 500. Joto la hedi halikusogea. Habu za mbele niliposimama zote mbili zina uvuguvugu unaolingana. U-bolti za springi za nyuma zilikuwa zimelegea kidogo kama springi mpya zinavyofanya, zimekazwa tena, na lachi moja ya boksi nimeibadilisha.

Kitu kilichonishughulisha ni breki. Hilux hii ina valvu juu ya ekseli ya nyuma yenye mkono mrefu uliounganishwa kwenye ekseli, kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikiwa tupu imekaa juu, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma zisikamate kabla ya wakati, ikibeba mzigo inakaa chini na valvu inafungua. Sasa ukiinyanyua gari kwa springi, valvu inaamini gari ni tupu siku zote, hata gari na mzigo wake zikiwa zaidi ya tani mbili na robo, na breki za mbele ndo zinafanya kazi yote kwenye mteremko mrefu. Watu wengi wanapandisha gari na hili hawaliangalii kabisa, kwa kweli linanisikitisha. Nimetengeneza kipande cha kunyanyua mkono wa valvu kwa kiasi kilekile gari ilichopanda, nikaurekebisha gari ikiwa na mzigo, na tofauti nimeisikia mguuni mara moja, gari inakaa sawa badala ya kuzamisha pua. Dramu za nyuma zimechongwa, viatu vipya, na mpira wa breki wa nyuma nimeweka mrefu zaidi ili ekseli ikishuka mpaka mwisho usivutwe.

Kinachofuata ni difloki ya nyuma, kifaa cha kufunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Kichwa cha difu kiko mezani tayari, beringi mpya zimefika, na nimeanza kupaka rangi kwenye meno ya gia kuona yanagusana wapi. Mguso wa kwanza umekaa karibu sana na ncha ya jino, nasogeza shimu na kupima tena kabla ya kufunga chochote.